Darasa la Kuchora Ng'ombe

Pale mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, kati ya kinyozi na duka la chakula cha kuku, kuna benchi la mbao mbili na misumari isiyo na huruma. Suruali za mtaa mzima zina viraka vya kulishuhudia. Hapo ndipo Alwi huuza kahawa chungu. Maoni hauzi, kwa kuwa wateja huja nayo kutoka nyumbani. Jumamosi moja alikuwapo Kiplagat, anayeitwa Jaji kwa sababu aliwahi kuitwa kortini kama shahidi, akafukuzwa kwa kuanza kutoa hukumu. Alikuwapo Tonny, anayeitwa Mnara kwa kunasa kila uvumi, hata ule ambao haujatumwa. Na alikuwapo Wepukhulu wa Kabuchai, dalali wa ng'ombe, anayeitwa Mizani: humtupia fahali jicho moja, akakutajia kilo zake. Lakini siku hiyo Mizani alikuwa na mzigo asioweza kuupima. Binti yake Phanice alitaka ruhusa ya kwenda kwenye darasa la kuchora, lile la bure linalofanyika katika ukumbi wa kanisa. Asipofika saa nane, nafasi yake angepewa mtoto mwingine. "Nitakujibu," Mizani alikuwa amemwambia asubuhi, kisha akakimbilia kijiweni kutafuta hapana yenye miguu ya kusimamia.

— Bule! — alifoka Mizani. Akipandwa na hasira, r zote humkimbia. — Langi ya bule, kalatasi ya bule, mpaka mandazi ya bule! Nani anapeana mandazi bule hii Kitale?

— Mimi sipeani, — alisema Alwi haraka, kabla wazo hilo halijamfikia mtu.

Mnara akasogea, benchi likalia.

— Nyinyi hamjui kitu. Hizo picha zinaenda Ulaya. Mtoto anachora kuku leo, kesho hiyo kuku imeuzwa milioni tatu. Mwenye kuku haoni hata unyoya.

— Kuku ya nani? — aliuliza Mizani.

— Ya kwako!

— Mimi sina kuku.

— Unaona? Washaichukua!

Jaji alikohoa kikohozi cha mahakamani, kile cha kuwaambia watu wasimame.

— Mnara, hiyo yako ni kesi ndogo. Hebu niulize. Watoto waliotangulia waliambiwa wachore nini?

— Ati nyumba zao, — alijibu Mizani.

— Haya. Huyu amechora mlango. Yule amechora choo. Mwingine amechora kile kichochoro unapitia ukikwepa watu. Unganisha hizo karatasi zote. Umepata nini?

— Umepamba ukuta, — alisema Alwi.

— Ramani, Alwi! Ramani ya Tuwan nzima! Siku moja unaamka, tingatinga iko mlangoni, na dereva anajua mpaka choo yako inaangalia wapi.

Mizani alishika kichwa. Mnara akaona ameshindwa kwa uzito, akaongeza wake.

— Na wiki iliyofuata wakachora baba zao! Sura inaingizwa kwa kompyuta, bana. Ukifika uwanja wa ndege tu, mlango unalia: huyo, mshike!

— Sasa mimi uwanja wa ndege nitaenda kufanya nini?

— Si hiyo ndiyo watakuuliza!

Alwi alipuliza makaa, akasema bila kuinua macho:

— Lakini mtoto mwenyewe ndiye anataka.

— Wahenga walisema, — Jaji akapokea, — mtoto akililia wembe, mpe.

— Jaji, huyu analilia penseli.

— Basi mpe wembe achonge.

Walicheka wote isipokuwa Mizani. Wenzake hawakujua kwamba juzi alipita nyuma ya jikoni kwake, akakuta ukutani koti lake limechorwa kwa makaa, limetundikwa msumarini, bega moja chini kama lake mwenyewe. Yeye hakuwamo ndani ya koti, lakini alijiona. Mambo ya shule alijua pa kuanzia: umepata ngapi, nani amekupita. Kwa lile koti hakupata swali hata moja. Baba asiye na swali hugomba. Basi akagomba kuhusu masizi. Tangu siku hiyo akawa na hofu ambayo hangeitaja mbele ya Mnara: kwamba mtoto anaenda mahali ambapo yeye hatakuwa na la kumwuliza jioni.

Hofu hiyo aliinywa na kahawa, ikatoka ikiwa kiburi.

— Na hapo kuna nini ya kufundishwa? Mimi nimechunga ng'ombe Kabuchai, nimekamua, nimeuza soko zote mpaka Sirisia. Ng'ombe nzima iko kwa kichwa yangu hapa! Nikitaka kuichora, si nachora tu? Nimeamua. Akija namwambia hapana.

— Hukumu imepita! — alitangaza Jaji. — Haba na haba huleta haba!

Hakuna aliyejua methali ile ilikuwa inatafuta nini pale, lakini walipiga makofi. Makofi yalikuwa hayajakwisha Phanice alipotokea kwa kinyozi, msichana mrefu wa miaka kumi na minne, kipande cha boksi kwapani na kijiti cha makaa mkononi.

— Habari zenu, wazee.

— Mzuri, mama, — walijibu kwa pamoja, wapole ghafla.

Mizani alivuta pumzi ya kusema hapana. Phanice akamwahi.

— Baba, kabla hujaniambia, nisaidie kitu moja. Mwalimu Bilha alisema anayeingia leo aje na ng'ombe amechora. Nimefika kichwani nimekwama. Pembe za ng'ombe ziko mbele ya masikio ama nyuma?

— Swali gani hiyo? Pembe ziko...

Mkono wa Mizani ukapanda wenyewe kichwani. Kidole kikasimama mbele ya sikio, kikasita, kikahamia nyuma.

— Ziko juu, — alisaidia Jaji.

— Juu, ndiyo. Lakini mbele ama nyuma?

— Inategemea. Unaongea grade ama kienyeji?

— Yoyote, Jaji.

Jaji akaahirisha kesi. Mnara akasema ng'ombe wa kwao alikuwa amekatwa pembe. Alwi akageukia birika. Mizani alifumba macho, akamwita ng'ombe akilini, akaja mara moja: aliona kiuno, aliona paja, aliona nundu, aliona hata bei. Pale pa kichwa palikuwa na ukungu.

— Si ulisema ng'ombe nzima iko? — Alwi aliuliza polepole.

— Ng'ombe iko. Kichwa yake ndiyo haiko.

— Si mwalimu awaambie, — alisema Mnara.

— Hasemi, — alisema Phanice. — Anasema mtu aende aangalie.

Mizani aliinuka, kikombe kikiwa nusu.

— Twende kwa Nduta. Yeye ako na ng'ombe.

Ng'ombe wa Nduta alikuwa amefungwa uani, anatafuna majani. Nduta alipomwona dalali akatoka mbio.

— Mizani! Sijasema nauza!

— Sinunui, mama.

— Sasa unaangalia nini?

— Pembe.

— Ziko mbili.

— Hiyo najua. Nyamaza kidogo.

Akainama. Maisha yake yote alikuwa amewatazama ng'ombe kwa kiuno na paja. Hakuwahi kusimama uso kwa uso na mmoja bila bei katikati. Ng'ombe naye akamtazama, akitafuna taratibu, kana kwamba anakadiria kilo.

— Phanice, njoo hapa, — alinong'ona. — Ukisimama hapa unaona sikio imetokea wapi.

Msichana akachuchumaa kando yake, makaa yakaanza kukwaruza. Sikio likatokea. Pembe ikatokea. Mizani alichungulia boksi, akachungulia ng'ombe, akachungulia boksi tena.

— Hii ya kushoto imepinda zaidi, — alisema.

— Kweli, baba.

Akairekebisha. Baba alitazama jua, akashtuka.

— Kimbia! Saa nane ndiyo hii. Wasipeane nafasi yako!

Phanice akakimbia, boksi ameliinua juu lisiguse nguo. Nduta akashika kiuno.

— Haya, umeona pembe. Si uende?

— Ngoja, — alisema Mizani, akimzunguka ng'ombe polepole. — Upande huu bado sijaangalia.