Jiwe Lisilooshwa

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi lile lililobanwa kati ya duka la dobi na karakana ya baiskeli, basi habari nyingi za dunia hii zimekupita hivi hivi. Pale watu hufukuzwa kazi kabla hawajaajiriwa, na wagonjwa huzikwa wakiwa bado wanalamba kijiko cha uji. Serikali zimeangushwa pale na kusimamishwa tena kabla kikombe hakijapoa. Lakini asubuhi ninayoisema hakuna aliyekumbuka serikali. Macho yote yalikuwa kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, iliyokaa miguuni pa Mikunjo. Huyu ndiye dobi mwenyewe, na alipewa jina hilo kwa sababu hawezi kumpa mtu mkono kabla hajaikagua kola yake. Mama Birika, muuza kahawa, alikuwa ndiyo kwanza amewamiminia yeye na wenzake wawili.

— Ndoo ina nini? aliuliza Spoku, fundi baiskeli, mtu mrefu mwembamba kama jina lake.

— Jiwe.

— Jiwe?

— Jiwe. Lakini liko hai.

Spoku akakiweka kikombe chini. Mwenzao wa tatu, Shahidi, akasogea karibu. Huyu hana kazi inayojulikana, ila kila jambo lililotokea mjini, hata moto uliounguza soko kabla hajazaliwa, yeye alikuwepo na aliona kwa macho yake.

— Rudia, alisema Shahidi. Polepole, kama unavyomwambia polisi.

Mikunjo akashusha pumzi. Alikuwa hajalala vizuri. Tangu ng'ambo ya barabara pafunguliwe dobi wa mashine, duka lake limepwaya kama suruali ya marehemu. Mashine zenyewe hazifui nguo ikatakata, hilo Mikunjo angeapa mbele ya kadhi na padri kwa pamoja. Ila zina mlango wa kioo. Wateja hukaa kwenye viti wakitazama soksi zao zikizunguka, wakatoka wamechangamka kama waliotoka harusini. Kwake yeye, mteja akisubiri anatazama ukuta.

— Sasa, alisema, mwenye ile nyumba ya wageni nyuma ya soko anaondoa tangi lake la samaki. La mtumba, lakini kamili: kioo, pampu, taa, samaki wawili wa rangi ya chungwa na mawe yao. Samaki wa maji chumvi. Nikiliweka dirishani, nani atatazama soksi tena?

— Anataka nini?

Mikunjo aliangalia vidole vyake.

— Anataka pasi yangu ya mvuke.

Pasi ile si pasi ya kutajwa ovyo. Ndiyo iliyokuwa ikinyoosha suti za maharusi mpaka bwana harusi akaogopa kukaa. Mashine za ng'ambo zinafua, zinakausha, lakini pasi kama ile hawana. Akiitoa na tangi likawa la uongo, amebaki na nini? Kamba za kuanikia.

— Na jibu analitaka kabla ya adhuhuri, aliongeza. Mafundi wanakuja kubomoa ukuta pale lilipo. Kanipa jiwe hili moja nikaliangalie. Akasema lisikauke, na nisilioshe hata kwa dawa.

— Mikunjo, ndugu yangu, alisema Spoku kwa sauti ya msibani, umepigwa changa la macho. Tangi linavuja hilo. Baiskeli ya mtumba ikiletwa kwangu, mimi sitazami kilichochakaa, natazama kilichopakwa rangi mpya. Uliona rangi mpya?

— Hapana.

— Basi kaificha!

— Kuvuja ni kidogo, alisema Shahidi. Hao samaki uliwahesabu?

— Wawili.

— Ni mmoja. Mwingine ni kivuli chake kwenye kioo. Nilikuwepo mtu alipouziwa kasuku wawili namna hiyo hiyo, kafika nyumbani na kasuku mmoja na kioo cha kunyolea.

— Shahidi, mmoja ni mkubwa, mwingine mdogo!

— Ndiyo ujue kioo chenyewe kimepinda.

Mama Birika alicheka mpaka birika likagonga mkaa. Mikunjo hakucheka. Alijaribu kuwakumbuka wale samaki. Waliwahi kutazamana? Akawa hana hakika.

— Na maji je? aliuliza Spoku. Chumvi yake unaijua?

— Yana chumvi yake maalumu, si ya jikoni. Ila akasema kila yakipungua niongeze maji yasiyo na chumvi.

— Haa! Mmesikia? Maji ya chumvi yanaongezwa yasiyo na chumvi! Mwisho si yatakuwa ya kunywa?

— Anasema maji ndiyo yanayokwenda na hewa, chumvi inabaki.

— Inabaki! Umeiona ikibaki?

Mikunjo alitaka kusema kwamba ndiyo, ameiona maisha yake yote, pale jasho linapokauka kwapani mwa shati na kuacha mchoro mweupe. Lakini Spoku alikuwa ameshaendelea, na Spoku akiendelea ni kama baiskeli isiyo na breki.

— Hebu fungua tulione hilo jiwe lako.

Kifuniko kikatolewa. Mikunjo akalitoa jiwe na kuliweka kwenye ubao wa benchi, likichuruzika. Lilikuwa na matundu kama mkate, na juu yake kumegandamana uchafu wa zambarau na wa kijani. Vidole vya dobi viliwasha. Mtu aliyekulia kwenye povu, umwekee kitu kama kile mbele yake, halafu umkataze!

— Kama liko hai, liamkie, alisema Spoku.

Shahidi akainama. — Shikamoo.

Wote wakasikiliza.

— Halijaitika.

— Pengine ni dogo kwako, alisema Mama Birika. Umelitia haya.

— Acheni masihara, alisema Shahidi, na sasa alikuwa ananong'ona. Mnajua neno "hai" maana yake nini kwa wapelelezi? Maana yake linasikia. Tazameni matundu hayo. Jiwe gani lina matundu kiasi hicho kama si masikio? Kwa nini hataki lioshwe? Sabuni itaua betri!

— Nani anipeleleze mimi? Nguo za ndani za watu?

— Nani yuko ng'ambo ya barabara?

Mikunjo aligeuka polepole. Nyuma ya vioo vya dobi mpya mtu alikuwa amesimama, anatazama upande wao. Pengine alikuwa anatazama mvua kama itanyesha. Pengine.

— Wanga, alisema Shahidi.

Mikunjo akashtuka. Namna anavyochanganya wanga wa kukazia kola haijui mtu, hata mkewe humtoa jikoni kwanza. Na sasa akakumbuka: jiwe lilikuwa dukani tangu jana, pembeni kabisa ya sufuria ya wanga! Tena yeye akichanganya huwa anajisemea.

— Mungu wangu, alisema.

Shahidi akalisogelea jiwe na kupaza sauti: — MIKUNJO HUTIA MAJIVU KWENYE WANGA WAKE! MAJIVU NA MAFUTA YA TAA!

— We! Usinichafulie jina!

— Nawapoteza njia, bwana!

— Lioshe, alisema Spoku. Lioshe sasa hivi, tumalize ubishi. Mtu akikuambia hapa usioshe, ana jambo.

Hilo ndilo lililomwingia Mikunjo mpaka kwenye mfupa. Kazini kwake, kila aliyewahi kumwambia "hapo kwenye mfuko acha tu" alikuwa anaficha doa, na mara mbili doa lenyewe lilivunja ndoa. Akainuka. Akarudi na beseni la povu, chupa ya dawa ya kung'arishia na brashi yake ngumu, ile ya kola za mafundi makanika. Akakunja mikono ya shati. Jiwe likitakata na kuwa jiwe tu, pasi haiendi popote, na mwenye nyumba ya wageni akatafute mjinga mwingine. Akachovya brashi.

Dada mmoja alikuwa anapita kwenda kwa dobi wa mashine, fuko la mashuka begani. Akasimama, akainamisha kichwa upande.

— Samahani. Huyo anakula nini?

— Huyo nani? aliuliza Spoku.

Dada akaonyesha kwa kidole.

Kwenye tundu moja la jiwe alikuwa ametoka kaa, mdogo asiyezidi kifungo cha shati, mweupe, na macho yake mawili yamesimama kama vichwa vya pini. Alikuwa ameinyanyulia ile brashi gando moja. Tone la povu lilianguka kandokando yake. Hakukimbia. Akainua na la pili.

— Nauliza tu, alisema dada. Anakula nini?

Spoku akamtazama Shahidi. Shahidi, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, alisema kwamba hilo yeye hakuwepo. Mama Birika akaelekeza birika kwenye kikombe cha Shahidi, likatoa masimbi ya kahawa matupu.

Mikunjo alitupa brashi mbali kana kwamba imemuunguza. Akajisugua viganja kwenye suruali, akajisugua tena, hata kidole kimoja kimoja, ndipo akalishika jiwe kwa mikono miwili na kulirudisha majini taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Halafu akaingia dukani. Alipotoka, pasi ya mvuke ilikuwa kwapani, waya wake umekunjwa vizuri.

— We Mikunjo! Unakwenda kuitoa?

— Nakwenda kuuliza anakula nini.

— Na pasi ya nini?

— Sasa niende mikono mitupu?

Akavuka barabara kuelekea sokoni bila kutazama kulia wala kushoto. Kwenye benchi, dada alikuwa ameshakaa mahali pake, ameinamia ndoo, na fuko la mashuka liko chini, halina mwenyewe.