Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

MJOMBA: Haloo... nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi, mjomba. Shikamoo.

MJOMBA: Marahaba. Mimi nani sasa? Namba siijui.

FUNDI: Mpwa wako. Wa maabara. Hii simu ya mwalimu wa kemia, yangu imezima. Salio lake ni dogo, usishangae ikikatika.

MJOMBA: Aa, Fundi. Mbona sauti kama ya mtu aliyeamshwa?

FUNDI: Sijalala.

MJOMBA: Mtoto anasumbua, eh? Huyo amefuata shangazi zake, usiku macho, mchana—

FUNDI: Mtoto mzima. Mjomba, Mama Ndoo ameungua.

MJOMBA: Nani? (mkwaruzo) Sema tena.

FUNDI: Mama Ndoo, wa usafi. Ameungua na asidi ya salfa. Ile nzito.

MJOMBA: Lini?

FUNDI: Jana Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wanafunzi walikuwa hawajaingia.

MJOMBA: Wapi na wapi?

FUNDI: Mkono wa kulia. Shingo. Shavu. Na jicho la kulia.

MJOMBA: Ulimmwagia maji?

FUNDI: Nilimweka chini ya bomba. Kope nikazishika kwa vidole, maji yakapita. Zaidi ya robo saa—

MJOMBA: Robo saa kwa jicho haito—

FUNDI: Nimesema zaidi. Mpaka kengele ikalia, walimu wakaja kumpeleka hospitali. Gauni lake la kazi nilimvua, lilikuwa linachanika lenyewe mikononi. Hakupiga kelele, mjomba. Aliuliza tu kama sakafu imeharibika.

MJOMBA: Masikini. Na wewe je?

FUNDI: Mimi mzima. Glovu nilivaa. Ila sisikii kitu. Unajua mguu ukiukalia mpaka ukafa ganzi? Basi mimi mwili mzima. Mchana nimekula, nikuapie, sijui nimekula nini.

MJOMBA: Pole, mwanangu. Lakini hebu niambie, aliifikiaje asidi? Kabati la chini halikufungwa?

FUNDI: Lilifungwa. Ufunguo ninao mfukoni hapa.

MJOMBA: Sasa?

FUNDI: Chupa haikuwa kabatini.

MJOMBA: Ilikuwa wapi?

FUNDI: Unajua ilikuwa wapi.

(mkwaruzo mrefu)

MJOMBA: Pembeni mwa sinki.

FUNDI: Kama ulivyonifundisha. Masalio ya Ijumaa yanakaa pembeni mwa sinki. Jumatatu tunayatia kidogo kidogo kwenye beseni la maji, halafu tunayazima kwa magadi. Yalibaki kama vidole viwili tu.

MJOMBA: Na uzi? Uzi ulikuwepo?

FUNDI: Ulikuwepo. Mwekundu, shingoni, mafundo mawili kama ulivyokuwa ukifunga.

MJOMBA: Basi, uzi mwekundu maana yake ni—

FUNDI: Maana yake tunaijua watu wawili, mjomba. Mimi na wewe.

MJOMBA: Lebo zinaliwa. Nilikwambia. Tone moja likishuka ubavuni, karatasi inageuka nyeusi, inadondoka. Uzi ndio—

FUNDI: Ulinieleza, sijasahau. Sikulaumu. Nasimulia tu ilivyokuwa.

MJOMBA: Haya, simulia.

FUNDI: Sabuni yake ya kudekia ilikuwa imekwisha. Ijumaa aliomba nyingine stoo, wakamwambia asubiri. Jumatatu akaingia, akaona chupa pale. Haina maandishi. Chini kuna kitu kizito, ukiinamisha kinateleza polepole kama sabuni ya maji. Akafanya unachofanya wewe nyumbani, ninachofanya mimi, anachofanya kila mtu sabuni ikibaki kidogo.

MJOMBA: Akatia maji.

FUNDI: Akatia maji, akaziba mdomo wa chupa kwa kiganja, akatikisa. Ikachemka ikamrukia, chupa ikamponyoka ikavunjika.

MJOMBA: Ewe Mola wangu.

FUNDI: Watoto wa kidato cha kwanza wanalijua hili. Asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi, wanaliimba mpaka linakera. Yeye hakuwahi kukaa darasani kwetu. Anapita watoto wakishatoka, anafuta meza.

MJOMBA: Lakini si ungemwambia? Siku moja tu, ukampitisha, mama, hiki usiguse, hiki—

FUNDI: Aliniuliza.

MJOMBA: Alikuuliza nini?

FUNDI: Mwaka juzi. Ameinama anafuta chini ya kabati, akaniuliza, Fundi, hizi nyuzi za nini? Nikamwambia ni hirizi za mjomba wangu, za kukamata wezi wa chupa. Tukacheka mpaka akakaa juu ya ndoo yake.

MJOMBA: Utani tu huo. Kila mtu anatania kazini.

FUNDI: Yeye alikuwa anauliza, mjomba. Aliyekuwa anatania ni mimi.

MJOMBA: Uko wapi sasa hivi? Nasikia mwangwi.

FUNDI: Chumba cha maandalizi. Nimekalia stuli yako, ile inayochechemea.

MJOMBA: Shule wanasemaje?

FUNDI: Mkuu aliniita leo saa mbili. Akasema watu wa bodi wanakuja kesho asubuhi, na hataki waone chupa hata moja haina lebo. Akanipa bunda la lebo na gundi. Nikabandika arobaini na moja. Mwandiko wa kulaza, jina, tarehe, alama ya hatari. Akapita na simu yake anapiga picha.

MJOMBA: Lebo si jambo baya.

FUNDI: Halafu akanipa karatasi ya maelezo, imeshachapwa, bado sahihi yangu tu. Imeandikwa lebo zilikuwepo siku zote. Imeandikwa chupa ilikuwa kabatini, na mhudumu wa usafi alifungua kabati bila ruhusa.

MJOMBA: Alifungua na ufunguo gani?

FUNDI: Haijasema.

MJOMBA: Na ikienda hivyo kwa bodi?

FUNDI: Kosa linakuwa lake. Kazi hana, na matibabu ajitafutie. Daktari amesema jicho linataka kupasuliwa wiki hii, hospitali kubwa, na shule ndiyo ya kumpeleka. Wiki hii ikipita, jicho ndiyo basi tena.

MJOMBA: Na ukiikataa karatasi?

FUNDI: Basi asiye na kazi ni mimi. Hakunificha. Alisema kwa upole kabisa, akanimiminia na chai.

MJOMBA: (anakohoa) Mkeo juzi tu kajifungua.

FUNDI: Ndiyo.

MJOMBA: Na mama yako unamtazama wewe. Dada yangu yule hana mwingine.

FUNDI: Ndiyo.

MJOMBA: Mtu hakati tawi alilokalia. Sikwambii usaini, mwanangu. Wala sikwambii usi—

FUNDI: Nimeshasaini.

MJOMBA: Eh?

FUNDI: Saa nne. Nikarudisha kalamu, nikasema asante.

(mkwaruzo)

MJOMBA: Basi. Yaliyopita si ndwele. Maji yakimwagika hayazoleki.

FUNDI: Nami nilijiambia hayohayo. Saa saba akanipigia binti yake.

MJOMBA: Kukutukana?

FUNDI: Nilidhani hivyo. Nikasimama kabisa, nikasema acha anitukane, labda nitasikia kitu. Akanisalimia vizuri, shikamoo, habari za kazi. Akasema mama amemtuma kwa sababu mwenyewe hawezi kushika simu. Anaomba radhi.

MJOMBA: Nani anaomba radhi?

FUNDI: Mama Ndoo. Anaomba radhi kwa kuvunja chupa yangu. Amesema akitoka atanitafutia nyingine.

(kimya kirefu)

FUNDI: Mjomba? Upo?

MJOMBA: Nipo.

FUNDI: Nilidhani salio—

MJOMBA: Nipo. Ulimjibu nini?

FUNDI: Nilisema haina neno. Nikasema mwambie apone. Karatasi ilikuwa imeshafika mezani kwa Mkuu, nami nasema mwambie apone.

MJOMBA: Fundi, sikiliza. Mimi nilijua.

FUNDI: Ulijua nini?

MJOMBA: Dawa ya lebo. Unaandika lebo, unabandika, halafu unayeyusha mshumaa unapaka juu yake. Nta hailiwi na asidi. Mzee aliyenipokea kazini alinionyesha siku ya kwanza. Mshumaa mmoja unatosha chupa kumi. Nilipaka mwaka mzima, halafu nikachoka. Nikaona uzi unafungwa mara moja, na mtumiaji ni mimi peke yangu.

FUNDI: Hukuniambia habari za nta.

MJOMBA: Sikukwambia. Ningekwambia ungeniuliza kwa nini mimi sipaki.

FUNDI: (polepole) Ningekuuliza, ndiyo.

MJOMBA: Na kuna siku mwalimu mmoja wa baiolojia aliichukua chupa ya pembeni mwa sinki. Aliifungua, anataka kusuuza. Nilimpigia ukelele akaiweka chini. Tukacheka, tukanywa maji, nikafunga fundo la pili. Ndiyo maana mafundo ni mawili. Sikuandika popote.

FUNDI: Siku ya kukuaga walisema miaka ishirini na sita bila ajali.

MJOMBA: Walisema. Nami nikasimama nikapigiwa makofi. Ilikuwa bahati tu, mwanangu, na nilijua.

(mkwaruzo)

FUNDI: Kwa nini unaniambia leo?

MJOMBA: Kwa sababu umenipigia. Mtu aliyekwisha kusaini hapigi simu kwa mjomba wake kumpa habari ya mjini. Ulitaka nikwambie nini?

FUNDI: Sijui. Nilitaka mtu anigombeze.

MJOMBA: Basi nakugombeza. Inuka kwenye hiyo stuli. Mkuu bado yupo?

FUNDI: Anafunga ofisi saa kumi.

MJOMBA: Sasa hivi saa ngapi?

FUNDI: Kasoro dakika saba.

MJOMBA: Nenda kaichukue hiyo karatasi. Andika nyingine kwa mkono wako. Andika chupa haikuwa na lebo, ilikuwa nje ya kabati, na huo utaratibu umeurithi kwangu. Jina langu liandike lote, usiweke herufi mojamoja.

FUNDI: Watakutafuta na wewe. Na mimi kazi—

MJOMBA: Kazi itakwenda, ndiyo, sikudanganyi. Mkeo nitamweleza mimi, na dada yangu nitamweleza mimi. Atanitukana, nimezoea. Wewe sema kweli jicho lipasuliwe.

FUNDI: Miguu haitaki, mjomba.

MJOMBA: Haijaombwa itake. Tembea.

(hatua, mlango)

FUNDI: Simu imeanza kulia, salio linakwisha.

MJOMBA: Acha ilie. Uko wapi?

FUNDI: Veranda. Napita maktaba. Mwalimu ananipungia, anataka simu yake.

MJOMBA: Mpungie na wewe. Endelea.

FUNDI: Mlango uko wazi. Anavaa koti.

MJOMBA: Usikate. Niache hewani.

FUNDI: Hodi, Mkuu. Samahani, najua unatoka. Nimekuja kuichukua ile karatasi. (kimya) Hapana, si kosa la uchapaji. Yote. (kimya) Nimekaa, asante, ila chai sitaki. Hapakuwa na lebo, Mkuu. Hata moja. Na chupa niliiweka nje mwenyewe.

MJOMBA: Mwambie nilikufundisha mimi. Fundi? Umemwambia? Mwambie aliyekufundisha ni mi—

(simu inakatika)