Bi Firdausi Aiaga Meza ya Manyoya

Baada ya miaka ishirini na sita katika kiwanda chetu cha mito na maduveti hapa Zegereni, Bi Firdausi Mwinyimadi, mkaguzi wa manyoya ya bata bukini, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Meza yake imeshaanza kugombewa, maana ndiyo pekee iliyo karibu na dirisha.

Alianza akiwa mshonaji wa foronya. Haikupita miaka mitatu akahamishiwa ukaguzi, kwa sababu alikuwa akirudisha mito kila siku akisema inanuka banda. Kazi hiyo ina raha zake. Kuujua mto sharti uulalie, na meneja mmoja mgeni alipomkuta kichwa mezani, macho kayafumba, nusura amwandikie barua ya onyo. Bi Firdausi alimwomba asubiri kidogo, bado hajamaliza upande wa kushoto. Jamani! La kuchekesha zaidi, nyumbani kwake Pangani, hii ya jirani hapa, mwenyewe analalia mto wa sufi. Anasema manyoya anayoyaona kazini yanamtosha.

Lakini kumuaga Bi Firdausi bila kutaja harusi ya kwa Jabiri ni sawa na kutosema kitu.

Miaka sita iliyopita hoteli moja iliagiza mito kwa mkupuo, na manyoya yalikuwa haba. Kiwanda hununua manyoya ya bata waliochinjwa kwa kitoweo. Kumnyonyoa bata akiwa hai ni mwiko kwetu. Basi Jabiri, mfugaji anayetukusanyia manyoya Kisarawe, akatua na magunia ya manyoya laini ya kifuani, mazuri ajabu. Bi Firdausi akamuuliza bata wote hao wamechinjwa kwa shughuli gani. Jabiri akajibu chapuchapu kwamba ni harusi ya dada yake. Harusi, katikati ya Ramadhani, tena Kisarawe! Mkurugenzi wetu, Bwana Leodegar, mtu wa bara na Ukatoliki wake, alimpa Jabiri pongezi ampelekee bibi harusi. Bi Firdausi hakubisha. Kesho yake, na funga yake, alinunua doti ya khanga, akafunga safari kwenda kumtunza bibi harusi.

Bibi harusi hakuwepo. Walikuwepo bata, wamejikunyata ukutani, vifua vyekundu havina hata unyoya. Bi Firdausi anasema alilia pale pale uani, na Jabiri hakujua auweke wapi uso wake.

Magunia yakarudishwa. Bwana Leodegar alifoka kweli: bila manyoya yale oda inakufa, watu watakaa nyumbani, na lawama zote ni za Bi Firdausi. Naye akajibu kwamba atazibeba. Kisha akampigia simu mnunuzi wa hoteli, akamweleza yote bila kuficha: nusu ya mito itakuwa ya sufi, na itaandikwa sufi. Siku zile tulifanya kazi roho mkononi, kila simu ikilia tunashtuka. Mnunuzi alipokubali, sisi wa ushonaji tulipiga vigelegele hadi walinzi wakaja mbio kuuliza kulikoni.

Jabiri hakuachwa. Bi Firdausi ndiye aliyemtetea, ila kwa sharti kwamba kila uchinjaji awepo mtu wetu. Mtu huyo akawa yeye mwenyewe, na tangu hapo hakuna Idi wala Krismasi ya wafugaji wetu aliyokosa pilau. Hata huyo dada alipokuja kuolewa kweli, Bi Firdausi alikaa mbele kabisa, na khanga zake mkononi.

Wiki iliyopita Jabiri alimletea zawadi ya bata bukini wawili, dume na jike. Akamwahidi kwamba siku watakapochinjwa atakuja mwenyewe kuchukua manyoya. Bi Firdausi alimshukuru sana, akawapapasa vifua mmoja mmoja taratibu, halafu akamwambia hilo asahau kabisa: hawa watazeeka naye Pangani, manyoya yao mwilini mwao.

Bi Firdausi, asante kwa kusimama imara pale wengi tulipotamani ulegee. Tutakukosa, tena sana. Mungu akujaalie afya, uzee mwema na usingizi mnono, wewe na bata wako.

Atupele, Kitengo cha Ushonaji