Diski Iliyokataa Kuzikwa

Nesi aliyetoka zamu alijifanya amelala kwenye treni, lakini masikio hayana pazia. Mbele yake fundi wa kompyuta, mama mwenye diski mapajani, alikuwa akibishana na karani mstaafu.

"Mafundi watatu walisema imekufa, mzee wangu. Na ramani za mabomba yote ya mji zimo humu, nakala hakuna."

"Kilichoungua kimeungua, mwanangu."

"Kilichoungua ni kibao cha nje kinachozungumza na kompyuta. Sahani za ndani zinazotunza kumbukumbu zilikuwa salama. Nikatafuta kibao cha diski pacha, nikahamishia kidude cha kibao kilichoungua chenye vipimo vya diski hii, nikakifunga kibao hicho hapa, nikawasha."

"Ikawaje?" nesi akaropoka, akisahau kwamba amelala.

"Ikazunguka, dada! Ramani zote zikafunguka, hata moja haikupotea!"

Mzee akakohoa. "Karatasi haina kibao cha kuungua."

"Ina mchwa, baba!"

Treni ikasimama. Wahandisi wawili wa maji waliokuwa wakimsubiri fundi walipoiona diski, walimnyanyua juu juu kama bibi harusi. Nesi akapiga makofi.

"Lakini ramani wazichapishe!" mzee akapaza sauti dirishani.