Jina Ambalo Mama Rula Hakulifuta

Ngo! Mlio huo mmoja ulisikika mlangoni usiku wa tarehe 9 Aprili 1961, na bibi yetu, aliyekuwa kwenye uchungu wa kujifungua, akaitikia karibu akidhani mkunga amefika, kumbe ni sufuria tupu iliyokuwa ikielea uani, na hivyo ndivyo mama yetu alivyozaliwa, juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, maji yakiwa uvunguni.

Ndugu waombolezaji, marehemu alianza shule ya msingi Januari 1968, akasomea upimaji wa ardhi, akahitimu Novemba 1982, msichana pekee darasani, na Januari 1983 akaajiriwa idara ya ramani ya manispaa, kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha lisilofungika, alikokaa hadi kustaafu tarehe 30 Juni 2021.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na baba yetu, fundi seremala, aliyemchongea ubao wa kupimia mrefu kuliko yeye mwenyewe, wakapata watoto wawili, dada yangu mwaka 1987 na mimi kitinda mimba mwaka 1994. Ubao huo ndio uliofanya watu wamwite Mama Rula, wao wakikejeli, yeye akiitika.

Baada ya mafuriko ya Mei 1998 alikabidhiwa kuchora ramani ya maeneo ya hatari, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza maji yaliwafika watu wapi, magotini, kiunoni au kifuani, na kupima, mpaka alipogundua kwamba wazee waliomsimulia mafuriko ya mwaka aliozaliwa walikuwa watoto wakati ule, naye alikuwa amepima vifua vya watu wazima, hivyo kina alichoandika kilizidi cha kweli. Wenzake walimwambia aache, tahadhari ikizidi haidhuru, lakini alirudi kote akauliza upya kwa ngazi na vizingiti, akisema ramani ikidanganya mara moja, siku ya maji hakuna atakayeiamini.

Mtaa wetu, ulipopita mkondo wa zamani, aliupaka rangi nyekundu na kuuandika kwa jina lake la asili, lenye neno mto ndani yake, lakini mwenyekiti wa mtaa, ambaye tangu viwanja vianze kuuzwa alikuwa akiuita Mtaa wa Neema, alikataa kugonga muhuri mpaka jina hilo lifutwe, akasema mto unaotajwa ni ule wa kulalia kichwa, mkutano mzima ukacheka. Mama akamjibu, "Mwenyekiti, lala juu yake mwezi wa nne, ukiamka mkavu nitalifuta." Ramani ilirudishwa, akaichora tena, ikarudishwa, akaichora tena, jina palepale, herufi kubwa zaidi, na kwa kukosa muhuri mabango ya tahadhari hayakusimikwa, wageni wakaendelea kuchimba misingi kwenye mkondo bila kujua.

Agosti 2023 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hata huko akiwauliza wauguzi wanakaa bonde gani, hadi alipofariki Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Tumeombwa tusichanganye msiba na ugomvi wa jina, basi sisi hatutalitaja, lakini ramani tumeibandika ukutani hapa, kila mtu aione, na Jumatatu tunaipeleka tena kugongwa muhuri, kama ilivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuachia vyumba vyao, na wafanyakazi wenzake wa idara ya ramani. Mama, pumzika kwa amani, ubishi wako tumeupokea.

Shukrani za mwisho ni kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, ambaye jana jioni, lori la viti na maturubai lilipopotea likiutafuta Mtaa wa Neema, alichukua simu, akamwelekeza dereva kushoto, akamwelekeza kulia, akamrudisha, mwishowe akachoka, akapaza sauti mbele yetu sote, "Kijana, muulize mtu yeyote akuonyeshe Mtolala."