Koti la Dokta Thirlby

Ndugu waombolezaji, marehemu Dokta Ambrose Thirlby alizaliwa tarehe 14 Machi 1819 katika kijiji cha Hallowby, jimbo la Lincoln, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Enoch Thirlby, mshona matandiko ya farasi, na mkewe Keziah.

Alisoma shule ya parokia hadi mwaka 1833, akajifunza udaktari kwa Dokta Obadiah Crake wa hapa Wickersby, kisha London, alikofaulu mitihani ya upasuaji Mei 1841. Aliporudi, Crake alimvika koti lake la kazi, lililokakamaa kwa damu na usaha wa miaka ishirini, maana enzi zile koti la namna hiyo ndilo lililokuwa cheti cha daktari, na mgonjwa akiliona alitulia.

Tarehe 9 Juni 1844 alifunga ndoa na Harriet Lovell, wakajaliwa Lydia mwaka 1845 na Edwin tarehe 2 Novemba 1848. Siku hiyo ya Novemba alitoka kufunga mguu uliooza wa mwendesha mkokoteni, akaja moja kwa moja kumzalisha mkewe, na mkunga wetu, Bi Dorcas Pell, akamzuia mlangoni: "Dokta, livue kwanza hilo koti, unanuka kidonda." Marehemu alicheka, akamwambia, "Bi Dorcas, wewe shughulika na maji yako ya moto, udaktari niachie mimi." Siku ya sita Harriet alifariki kwa homa ya uzazi.

Mwingine angesema ni mapenzi ya Mungu, na mji mzima ungemwitikia. Yeye alikwenda kwa Bi Dorcas, akavua kofia, akaomba afundishwe kunawa, na Januari 1849 akasimama mbele ya madaktari wa wilaya, akasema, "Mke wangu nimemuua mimi, kwa mikono hii, nanyi mnawaua wagonjwa wenu vivyo hivyo." Tangu hapo wakamwita Dobi, na baadhi yenu humu mlimwita hivyo, lakini familia haina kinyongo, kwani wake zenu walipopata uchungu mlituma aitwe huyo huyo Dobi. Aliwazalisha wanawake 1,104, homa ile ikamchukulia watatu tu, na mwaka 1863 chama cha madaktari wa wilaya, kikiona haya kwa kuchelewa, kilipitisha kanuni yake kwamba atokaye kwenye kidonda asimguse mama anayejifungua kabla ya kunawa na kubadili nguo.

Aliugua kifua Desemba 1880, akafariki tarehe 11 Februari 1881. Tunamshukuru Dokta Septimus Vane, aliyemtibu, na ambaye kila alipofika alinawa bila kukumbushwa, majirani wa Mtaa wa Watengeneza Ngozi, madaktari wenzake, na binti wa Bi Dorcas, aliyemwosha kama marehemu alivyoomba.

Mimi ninayesoma ndiye Edwin. Koti lile alilitundika nyuma ya mlango kwa miaka thelathini na miwili, na nilipofikisha miaka kumi alinisimamisha mbele ya koti hilo, akanieleza mama alivyokufa, asinifiche kitu, na sijawahi kuona fahari kuwa mwanawe kama siku ile. Jana, kwa agizo lake, dada Lydia alilichoma. Lala salama, baba, mikono yako ni safi.