Silvanus Leodegar, Fundi wa Taa za Kuzama (1938–1985)

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Tangini na ninyi mliotoka Chole, poleni na msiba. Mimi ni Wilhelmina, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome kwa ufupi. Nitasoma kwa ukweli, ufupi tutaona mbele ya safari.

Marehemu Silvanus Leodegar alizaliwa tarehe 11 Machi 1938 katika kijiji cha Chole, Kisarawe, mtoto wa kwanza wa Mzee Leodegar na Mama Yosefina. Nyumbani kulikuwa na misufi mitatu, na sote tulilalia mito ya sufi. Mwaka 1947 kibatari kiliuangukia mto wa baba. Mama aliumwagia maji, akasema umezimika, ukatupwa uani. Kesho yake Kaka aliuchana aone ndani, akaungua vidole, kwani sufi ilikuwa bado inafuka. Tangu siku hiyo akawa na msemo wake: "Sufi haizimiki, inakuzuga tu." Tulimcheka sana kwa msemo huo.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1954. Kati ya 1956 na 1958 alijifunza ufundi wa umeme Dar es Salaam. Akirudi likizo alipima kila kitu kwa shubiri yake, mlango, kitanda, hata bonge la ugali. Tukimwambia anunue futi kama mafundi wenzake, ananyoosha kiganja: "Hii haipotei, wala haiazimwi."

Mwaka wa Uhuru, 1961, alianza kazi Kibaha. Tarehe 8 Agosti 1964 alifunga ndoa na Tereza, wakajaliwa watoto wawili, Stellamaris na Andrew. Wifi yangu alikuja kwetu na kaka yake, Ndugu Mashaka, ambaye alikula kwa Silvanus kama kwake, na Silvanus akampenda. Mlikumbuke hilo.

Mwaka 1970 aliitwa kuweka taa katika kanisa hili. Dari yake ni nene kuliko za kawaida, mbao za inchi moja na nusu, na juu yake imeshindiliwa sufi ya Kisarawe ili joto la bati lisitushukie. Taa zilizoletwa zilikuwa zile za kuzama darini, ambazo vibano vyake vilitengenezwa kwa ubao wa nusu inchi. Kwenye ubao mnene vinakosa pa kushika, na taa inakuangukia kichwani. Mafundi wawili walishindwa wakaondoka. Kaka alipanda darini, akachonga kwa patasi upande wa juu kuzunguka kila tundu mpaka ukingo ukabaki nusu inchi, vibano vikauma. Kisha kila taa akaizungushia kisanduku cha bati la debe, na sufi akaisogeza mbali shubiri moja pande zote. Alisema taa ya namna hiyo joto lake hupanda juu, lazima ipumue. Taa kumi na mbili zilimchukua wiki tatu, na wapo walionung'unika kwamba fundi ni mvivu.

Haya. Mwaka 1973 ulijengwa ukumbi wa mikutano kule Maili Moja, dari ya mbao nene vilevile, taa za kuzama ishirini na nne. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Ndugu Mashaka. Kaka alifunga taa zote kwa njia yake ileile, akaandika kwa rangi nyekundu juu ya kila kisanduku: ACHA SHUBIRI. Wiki ya mwisho aliomba ruhusa, akaja Chole kwenye arobaini ya baba yetu.

Huku nyuma wananchi wakaja kujitolea, wamebeba magunia ya sufi. Ndugu Twalibu, jirani yetu, alikuwa mmoja wa waliopanda darini, na leo yuko hapo mlangoni. Alimwambia msimamizi, "Mzee, fundi ameandika tuache shubiri." Msimamizi akatazama juu, akacheka. "Hizi zinaitwa taa za kuzama. Kiswahili hamkijui? Zitazamaje na hayo makopo? Yatoeni, zizamisheni!" Jamani! Kwa neno moja la Kiswahili makopo ishirini na manne yakatolewa, na taa zikazikwa katika sufi.

Jumamosi tarehe 22 Septemba mgeni rasmi alifungua ukumbi, taa zikawaka kutwa nzima, watu wakapiga makofi. Jumapili asubuhi, waliokuwa wakienda misa wakaona moshi batini. Hakufa mtu, lakini ukumbi haukubaki. Kaka alikamatwa akitoka Chole, bado ana kitambaa cha msiba mkononi. Wakamwita mhujumu.

Asubuhi ya kesi, Wifi Tereza alipiga magoti mbele ya mumewe. "Ukimtaja kaka yangu, atafungwa, na mama yetu hatamaliza mwezi. Nakuomba." Kaka akamwinua, akasema, "Basi, mama Stella." Alipoulizwa mahakamani nani aliyetoa visanduku, alijibu kwamba hajui. Na aliyejua alikuwa amekaa benchi la nyuma, kofia mapajani, kimya! Kaka alifungwa miaka miwili.

Alitoka mwaka 1976 na kikohozi. Hakuna aliyempa tena kazi ya umeme. Alikaa barazani Maili Moja akitengeneza redio, na wateja wakiulizana njia wanaelekezana, "Pale kwa Mhujumu." Shuleni Stellamaris aliitwa mtoto wa mhujumu, akaacha masomo akiwa darasa la sita. Kaka alimsikia akilia uani, akatoka kwenda kumkumbatia, lakini neno hakusema. Mimi nilimgombeza. Alinijibu, "Wilhelmina, nilishaahidi." Nilimkasirikia kwa jibu hilo, na hasira yangu haijaisha hata leo akiwa amelala mbele yenu.

Mwezi Aprili mwaka huu alilazwa kwa kifua kikuu. Alifariki Jumanne tarehe 18 Juni 1985, saa nne asubuhi, mkono wake katika mkono wa mkewe.

Nimeambiwa mtu hasemwi matangani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndugu zangu. Mama mkwe wake Kaka alizikwa miaka mitano iliyopita, Mungu amrehemu, na ahadi ile ilikuwa kwa ajili yake. Jana nilimsomea Wifi Tereza karatasi hii mstari kwa mstari. Alilia, akaniambia, "Soma yote."

Marehemu ameacha mjane, Tereza. Watoto, Stellamaris na Andrew. Mimi mdogo wake. Na shemeji yake, Ndugu Mashaka, aliyekaa safu ya tatu. Shemeji, usitazame chini. Tazama darini. Zihesabu, ni kumi na mbili, na mwaka huu zinatimiza miaka kumi na mitano zikituangazia. Hizo nazo zinaitwa taa za kuzama.

Apumzike kwa amani fundi Silvanus, ambaye hakuchoma ukumbi.